Corona kwenye nyumba ya kupanga: mwongozo kamili kwa watu wa choo kimoja

Maelekezo mengi ya corona ukiyasoma utagundua aliyeandika ana nyumba yake, ana chumba chenye choo ndani, ana gari na kazi yake anafanyia kwenye kompyuta. Mgonjwa akae chumbani peke yake, atumie choo chake peke yake. Haya sawa, na sisi wapangaji je? Mi naishi Dar, uswahilini, nyumba ya vyumba sita, korido katikati, uani choo kimoja na bafu moja, na tukihesabiwa na watoto tuko 19. Hapo mtu akiambiwa ajitenge anajitenga wapi, juu ya paa?

Kwa hiyo huu nimeuandika kwa ajili ya nyumba kama yetu. Mi ni fundi cherehani, sio daktari, ila dada yangu ni nesi na kila nilipogusa mambo ya dawa na pumzi yeye ndo kanisahihisha, sehemu zingine kanigombeza kabisa. Niliuandika mwezi wa nane 2021, wimbi la tatu limetukuta, na niliona bado tunapigana na hii kitu kwa silaha za mwaka 2020.

Kwanza: ujue unapigana na hewa

Kesi ya kwanza hapa kwetu, ya mgonjwa wa Arusha, ilitangazwa tarehe 16 mwezi wa tatu 2020, na baada ya hapo kila duka likaweka ndoo ya koki mlangoni. Ndoo sio mbaya, kunawa kumeokoa watu wengi na kipindupindu na kuhara. Ila tulichokuja kujua baadae ni kwamba corona inapita zaidi kwenye hewa tunayovuta kwa pamoja, yani mtu anaongea, anacheka, anaimba, anakohoa, vinatoka vitone vikubwa vinavyoanguka karibu na vingine vidogo sana vinavyoelea kama moshi, na ndani ya chumba kilichofungwa vinakaa muda mrefu tu hata mwenyewe akishaondoka. Kuna kwaya moja Marekani, jimbo la Washington, walifanya mazoezi tarehe 10 mwezi wa tatu 2020 kwa muda wa masaa mawili na nusu hivi. Walikuwa watu 61, mmoja ana dalili kama za mafua, wengine 52 wakaugua au wakadhaniwa wameugua, wawili wakafa. Na sanitaiza walikuwa nayo.

Kitu kilichonisaidia mimi kuelewa ni udi. Mtu akichoma udi chumba cha mwisho we ukiwa chumba cha kwanza, harufu itakufikia au haitakufikia? Ikikufikia basi na pumzi yake ina njia ya kuja kwako. Uani ukichoma huo huo udi, upepo unaubeba na hausikii kitu. Mwongozo wote uliobaki hapa umekaa kwenye hilo, ukisahau mengine kumbuka udi.

Pili: fungua nyumba

Chukua ubani au udi au hata kijiti cha dawa ya mbu, washa, simama katikati ya chumba chako mlango ukiwa umefungwa na dirisha limefungwa, angalia moshi. Unasimama tu hapo hapo. Sasa fungua dirisha la nje na mlango wa korido kwa pamoja, utaona moshi unapata njia. Unataka moshi uende nje. Kama unaingia koridoni, maana yake chumba chako kinawapulizia wenzako.

Najua kwa nini madirisha tunafunga, mbu na wezi. Wavu wa dirishani unakaa na mbu wanabaki nje, na kama wavu umetoboka chandarua si kipo kitandani. Mwizi anazuiwa na nondo za dirisha. Kinachobaki kuzuia hewa ni lile pazia zito na kabati tulilosukumia dirishani, kabati lisogezwe leo leo. Huna haja ya kufungua dirisha lote kwa fujo, nafasi ya viganja viwili usiku kucha ni bora kuliko kufungua lote nusu saa asubuhi ukaona umemaliza.

Feni nayo tunaitumia vibaya. Ukiiweka inazungusha hewa ya ndani kwa ndani unapoza jasho tu. Igeuze iangalie nje ya dirisha, itoe hewa ya chumba, nyingine itaingia kwa mlango au dirisha la pili. Mgeni akija, baraza si ipo? Mkaribishe barazani au chini ya mwembe, wala hatajisikia vibaya, sisi tumekulia barazani, ni hizi sofa ndo zimetuingiza ndani.

Kupika, kufua, kusukana nywele, watoto kusoma, vyote vihamie uani kadri mvua inavyoruhusu. Televisheni ya mpira ndo mtihani kwenye nyumba yetu maana wanaume 11 wanajaa chumba kimoja wanapiga kelele dakika 90. Sisi tuliitoa mlangoni ikaangalia uani, waya ukaunganishwa, imeisha hiyo.

Tatu: barakoa, na hapa nitaongea kifundi

Nimeshona barakoa nyingi kuliko mashati toka mwaka 2020, na nyingine nikikumbuka naona aibu. Kitenge tabaka moja na mpira wa kubana, mteja anataka ifanane na gauni, hiyo ni urembo.

Barakoa ya kitambaa inayofaa ni ya tabaka tatu. Ndani weka pamba laini, shuka kuukuu safi linafaa, linanyonya unyevu wa mdomo. Nje weka kitambaa kilichoshonana kisichonyonya maji haraka, kama tetroni. Katikati ndo siri, na siri yenyewe iko jikoni kwako: ile mifuko mbadala tuliyoanza kubebea vitu baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 mwezi wa sita 2019. Ile haijafumwa, imegandamizwa, ni polipropilini, na Shirika la Afya Duniani lilipendekeza aina hiyo hiyo ya kitambaa kwa tabaka la katikati. Chukua mfuko mpya usiobeba nyama wala sabuni, kata, weka kati. Ila usiupige pasi ya moto unayeyuka, nimeharibu vipande kumi na mbili kwa siku moja na pasi ikabaki na ukoko.

Juu puani weka waya, hata ule wa kufungia mkate mbili zikisokotwa pamoja. Barakoa isiyo na waya inapitisha pumzi juu, wavaa miwani wanajua, ukungu ukipanda kwenye kioo ujue na barakoa inavuja. Kuipima ni rahisi, vaa, washa kibiriti umbali wa shubiri moja, jaribu kuuzima kwa kupuliza. Ukizima, hiyo ni leso. Mara nyingine inue juani uangalie, ukiona jua linapenya vizuri rudi kwa fundi.

Kwenye sehemu mbaya, ndani ya daladala iliyojaa au hospitali, vaa ile ya bluu ya kiwandani na juu yake ya kitambaa, ya kitambaa inabana kingo za ile ya chini. Ya bluu ina upande, rangi inakaa nje, na mikunjo inaangalia chini. Ikilowa badilisha. Ya kitambaa fua kwa sabuni kila siku, anika juani.

Sasa jambo linaloniudhi kuliko yote. Ofisi nyingi getini mlinzi alikuwa na barakoa moja kwenye msumari, usipokuwa nayo anakuazima uingie, ukitoka unarudisha anavaa mwingine. Nimeona pia watu wanakodisha. Jamani, bora uingie bila barakoa umekaa mbali na watu kuliko kuvaa mate ya watu wanane. Weka yako moja ya akiba kwenye kimfuko cha karatasi ndani ya pochi, sio mfuko wa suruali na chenji na funguo. Na watoto chini ya miaka miwili wasivalishwe kabisa, inaweza kuwaziba pumzi, hadi miaka mitano usiwalazimishe.

Kuivaa kidevuni sina cha kusema, unajua mwenyewe.

Nne: kwenda na kurudi kazini

Leveli siti, yani kila abiria akae hakuna kusimama, ilipotangazwa 2020 tulipumua kidogo, ikafa polepole, 2021 ikarudi kwenye maelekezo ila konda wa Mbagala saa moja jioni anakuambia sogea nyuma kuna nafasi. Usigombane na konda, huwezi kushinda. Fanya hivi.

Panga muda kabla ya kupanga gari. Ukitoka nusu saa mapema, saa kumi na moja na nusu badala ya saa kumi na mbili, gari ile ile ina watu nusu. Ongea na bosi, mabosi wengi wanakubali uingie mapema utoke mapema ukiwaambia kabla. Ukipanda, kiti cha dirishani, na dirisha ulifungue wewe, ukikaa wa pili utaanza kuomba na atakuambia upepo unamharibia nywele. Mvua ikinyesha acha upenyo wa vidole vinne, kulowa bega hakujawahi kumuweka mtu kwenye oksijeni. Ongea na simu baadae, na ukikaa jirani na anayeongea na simu kwa sauti toka Gongo la Mboto mpaka Posta, geuza uso dirishani, huo sio utovu wa adabu.

Bajaji na boda zina hewa nyingi kuliko daladala, ila boda ina ajali, na hili nasema wazi kwa vijana wanaokimbia corona wanapanda boda bila helmeti. Helmeti ya abiria ina vichwa arobaini kwa siku, vaa kilemba au kofia yako chini. Mwendokasi lenye viyoyozi na madirisha yamefungwa mi naliogopa kuliko daladala bovu la DCM lenye vioo viwili vimevunjika, kichekesho lakini ndo ukweli wa hewa.

Kama kazi yako ni Kariakoo kama wateja wangu wengi, fremu ya mita mbili kwa tatu na mlango mmoja, weka feni inayotoa nje na mteja mhudumie kizingitini. Chakula cha mama ntilie mi nakula kila siku, nakaa benchi la nje, sio lile banda la nyuma. Na hotpoti yako ikiwepo mpe akuwekee.

Tano: misiba, ibada na shughuli

Hapa ndo tunapougulia. Wengi niliowajua wamepata hii kitu wameipata msibani. Na huwezi kumwambia Mtanzania asiende msibani, usipoenda kwa mwenzio nani atakuja kwako? Kwa hiyo sio suala la kwenda au kutokwenda, ni suala la kukaa wapi na kwa muda gani.

Msiba wetu una sehemu mbili. Kuna turubai nje, wanaume wanakaa kwenye viti, upepo unapita, hatari ni ndogo. Na kuna ndani, sebule au chumba, kina mama wamekaa kwenye mikeka wamebanana, wanalia, wanakumbatiana, dirisha limefungwa kwa heshima, na wanalala humo siku tatu. Ungetaka kutengeneza sehemu ya kuambukizana corona usingebuni bora kuliko hiyo. Ndo maana nasema kina mama wa mtaa wetu wanabeba mzigo wa hatari mara mbili, ndani msibani na kuuguza nyumbani.

Tulichofanya mtaani, na mjumbe alitusaidia, ni hiki. Mikeka ya wafiwa ikatandikwa chini ya turubai la pili, upande wa uani, limezungushiwa kanga upande mmoja tu ili wapate stara. Mwanzoni bibi mmoja alisema tunamdhalilisha marehemu. Shangazi yake marehemu mwenyewe ndo akasimama akasema "mimi joto la ndani siliwezi, tandikeni huko huko nje," ikapita. Kwa hiyo ukitaka kubadilisha jambo la msiba usiende na habari za virusi, mtafute shangazi.

Kumpa pole mfiwa, simama upande wa upepo unakotoka, mkono kifuani, neno fupi. Rambirambi tuma kwa simu, daftari la michango lina namba. Kuaga mwili watu wapite kwa mstari bila kusimama, na kama marehemu alikuwa na dalili za corona waoshaji wawe wachache, wavae glovu, barakoa na aproni, dirisha wazi, maji yasiwarukie usoni. Chakula kipakuliwe na mtu mmoja kwa kila mtu sahani yake, sinia la pamoja lisubiri. Na ubwabwa huwezi kula na barakoa, kwa hiyo wakati wa kula ndo watu waachane zaidi. Kaa saa moja, ondoka. Mzee wa miaka 70 mwenye sukari au presha mpigie simu mfiwa aongee nae, inatosha, tena mfiwa atafarijika.

Kanisani na msikitini fikiria udi tena. Kaa karibu na mlango au dirisha, mswala wako ubebe, udhu chukulia nyumbani. Kwaya ifanye mazoezi nje. Harusi ya ukumbini yenye viyoyozi na muziki mpaka watu wanapigiana kelele masikioni, mi natoa mchango na kadi naiweka kabatini.

Salamu: mwezi wa tatu 2020 tuliona picha ya Rais wa wakati huo Magufuli na mwanasiasa wa upinzani Maalim Seif wanasalimiana kwa miguu Ikulu, nchi nzima tukaiga wiki mbili tukachoka. Shikamoo inafika vizuri tu toka mita mbili, haijawahi kuhitaji mkono.

Sita: mikono, pombe na Jik

Fupi. Sabuni yoyote na maji yanayotiririka, sekunde 20, ukirudi nyumbani, kabla ya kula, ukitoka chooni. Sanitaiza iwe na spiriti asilimia 60 kwenda juu. Konyagi ni asilimia 35, kwa hiyo ukiipaka mkononi umepoteza Konyagi na virusi vipo. Noti na sarafu usizifue, nawa tu baada ya kuzishika.

Jik ya dukani nyingi ina nguvu ya asilimia 3.5, soma chupa. Kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, paka kitasa na sehemu ya choo, acha dakika kumi, suuza. Tengeneza ya siku hiyo hiyo maana ikilala inaisha nguvu. Usichanganye Jik na Harpic wala dawa nyingine ya choo, inatoa gesi inayochoma mapafu, na utakuwa umejiletea ugonjwa wa kifua bila corona.

Saba: mipaka na kafyu za jirani

Huku kwetu kafyu hatukuwa nayo, ila wengi tuna ndugu Mombasa na Nairobi. Kenya mwezi huo wa nane 2021 kafyu ilikuwa saa nne usiku mpaka saa kumi alfajiri, barakoa ilikuwa sheria na faini ilifika shilingi elfu 20 za Kenya, sio za kwetu, zidisha mwenyewe. Ukisafiri wakati huo kwa basi kupitia mpaka wa Horohoro ilibidi upange ufike kabla ya giza, basi likichelewa mpakani unalala stendi. Cheti cha kipimo cha corona kilikuwa na saa zake za kuisha na masharti yalikuwa yanabadilika, kwa hiyo ilibidi upige simu kampuni ya basi siku mbili kabla, usitegemee alichoambiwa jirani mwezi jana. Cheti cha kununua bila kupimwa kilikuwa cha kuachana nacho.

Nane: chanjo

Iliingia mwezi wa saba 2021, zaidi ya dozi milioni 1 za Janssen, Rais Samia akachanjwa hadharani tarehe 28. Hiyo sindano yake ilikuwa moja tu. Walianza wahudumu wa afya, wenye miaka 50 na kuendelea, na wenye magonjwa ya muda mrefu. Siku ya kwanza na ya pili unaweza kupata homa, mkono kuuma, uchovu, dada yangu alilala siku nzima kesho yake akaenda zamu. Kinga inajijenga taratibu, hesabu wiki nne, na kazi yake kubwa ni kukuzuia usifike kwenye kuzidiwa. Unaweza ukachanjwa na bado ukaambukiza, barakoa inabaki. Maneno ya mtaani kwamba aliyechanjwa anageuka zombi sitayajibu, nimechanjwa na bado nakosea vipimo vya wateja kama zamani.

Kwenye nyumba yenu, kama ni lazima mchague nani aanze, mpeni mlezi na mzee.

Tisa: mtu akiugua ndani ya nyumba ya watu 19

Homa, kikohozi, mwili kuuma, kichwa, harufu kupotea. Usikimbilie kusema corona wala usikimbilie kusema malaria, nenda kapime malaria kwanza maana homa ya malaria nayo inaua na ina dawa yake. Wakati unasubiri majibu mchukulie mgonjwa kama ana corona. Hesabu siku toka dalili ya kwanza, kumi, na siku ya mwisho awe hana homa bila kutumia dawa ya kushusha. Nyie mliokaa nae mjiangalie siku 14, na msihamie kwa ndugu kukimbia, mtawapelekea.

Waambie wapangaji wenzio. Najua inatisha, watu wanaogopa kufukuzwa na mwenye nyumba. Kwetu tulikubaliana mapema, kabla hajaugua mtu, kwamba anayesema mapema analetewa maji na chakula mlangoni, na hakuna kumuanika kwenye magrupu ya WhatsApp. Kikao cha nusu saa uani kikamaliza, fanyeni chenu wiki hii.

Mgonjwa apewe chumba chenye dirisha la nje, hata kama ni kubadilishana na mpangaji mwingine kwa siku kumi. Mlango wa korido ufungwe na upenyo wa chini uzibwe na kanga, dirisha wazi muda wote, feni inatoa nje. Choma udi hakikisha moshi hauji koridoni. Kama chumba ni kimoja na familia ni watu wanne, mchana mgonjwa akae uani kivulini kwenye mkeka wake mbali na wengine, usiku awe upande wa dirishani na wengine upande wa mlango, miguu ya mmoja ikielekea kichwa cha mwingine, wote na barakoa kama wanaweza kuvumilia. Pazia la kugawa chumba linaleta stara tu, hewa inapita juu yake.

Choo: mgonjwa aende wengine wakishamaliza, amevaa barakoa, ana kopo lake, akitoka mlango unaachwa wazi nusu saa na mlezi anamwaga Jik. Andikeni muda kwa chaki mlangoni. Mlezi awe mmoja, asiye mzee wala mjamzito, avae barakoa mbili akiingia na mgonjwa nae avae, na mazungumzo marefu yafanyike kwa simu au dirishani kutokea nje.

Nyungu, yani kujifukiza. Nimeipiga mimi, nimekuzwa nayo, mvuke unalegeza makamasi na mtu anajisikia vizuri. Haiui virusi. Na hatari zake ni mbili, moja watoto kumwagikiwa maji ya moto, pili kujifunika blanketi moja watu watatu na mgonjwa mkivuta pumzi moja, hapo mmejipulizia corona kwa makusudi. Ukitaka, piga peke yako, sufuria chini imetulia. Tangawizi na malimao kunywa tu, ni maji, na maji ndo anayahitaji.

Dawa: panado, mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku, na angalia dawa za mafua maana nyingi zina panado ndani. Azithromycin haisaidii virusi. Dexamethasone ndo imenifanya dada anigombeze, shemeji alipougua nilitaka kumnunulia duka la dawa: inasaidia aliyefikia kuhitaji oksijeni, na asiyehitaji inaweza kumdhuru, kwa hiyo ni ya hospitali.

Kinachoua ni oksijeni kushuka huku mgonjwa anakuambia yuko poa. Nunueni oksimita, kile kipimo cha kubana kidoleni, nyumba nzima mchangie kimoja. Mgonjwa akae ametulia dakika tano, mkono uwe na joto, rangi ya kucha itolewe, hina na piko nyeusi tafuteni kidole ambacho hakina, msubiri namba itulie dakika moja. Asubuhi, mchana, usiku, andikeni kwenye daftari. 95 kwenda juu ni kawaida, 94 kushuka nendeni hospitali. Na kuna jambo hawaliandiki kwenye boksi: utafiti uliotoka Marekani mwezi wa 12 mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa watu weusi vipimo hivi mara nyingi zaidi vinasoma juu kuliko ukweli. Kwa hiyo kwetu sisi 95 inayoshuka kila siku, 98 juzi, 96 jana, isikufariji. Angalia inavyoelekea.

Kama hamna kipimo, hesabu pumzi kwa dakika nzima, zikizidi 30 kimbieni. Hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika, midomo inageuka rangi, kifua kinabana, anachanganyikiwa, kimbieni. Sisi na shemeji tulichelewa siku moja nzima kwa kumsikiliza yeye, anasema nipo poa jamani, na namba inasoma 89. Tafuteni bajaji au gari mapema kabla hajaugua mtu, namba ya dereva anayekubali kubeba mgonjwa usiku iandikwe ukutani, na hela ya kianzio iwekwe pamoja. Njiani madirisha wazi. Wakati mnasubiri usafiri mlaze kifudifudi mto chini ya kifua, kwa wengi hewa inaongezeka, asipoweza mkalishe. Mtungi wa oksijeni wa kuazima usiuwashe nyumbani bila mtu anayejua, na hasa sio jirani na jiko la mkaa.

Akipona, siku ya 11 toa godoro juani, fua kila kitu kwa sabuni ya kawaida, fungua chumba. Kuchoka kunaweza kuendelea wiki kadhaa, shemeji alirudi kubeba mizigo mapema mno akakaa chini katikati ya barabara, mwacheni aanze na kutembea mpaka msikitini na kurudi. Kunusa kunarudi kwa kuchelewa, wengine wiki, wengine miezi, na wakati huo hasikii mboga ikiungua wala gesi ikivuja. Kwa hiyo kama anapikia gesi, mtu mwingine apewe kazi ya kukagua koki kila usiku kabla ya kulala, mpaka siku mtakayochoma udi na yeye mwenyewe aulize nani kachoma.